Protini na Mwendo wa Saratani ya Ini

Ini ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya mwili wa binadamu. Kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, nalo limekaa upande wa kulia, likihifadhiwa na mbavu. Lugha ya Kiswahili hulihesabu ini kuwa makao ya uchungu mkali, ndiyo maana neno linaloumiza husemwa kuwa linakata maini. Lakini kwa upande wa maumbile mambo ni kinyume. Nyama ya ini yenyewe haina mishipa ya fahamu ya kupokea maumivu. Mishipa hiyo imo katika utando unaolifunika tu. Kwa sababu hiyo uvimbe waweza kuota na kukua ndani ya ini kwa muda mrefu bila mwenyewe kuhisi lolote. Siku anapohisi uzito chini ya mbavu, tumbo likajaa maji, macho yakawa ya manjano na mwili ukakonda, aghalabu ugonjwa huwa umekwisha enea kiasi cha kuwashinda waganga.

Hilo ndilo linaloifanya saratani ya ini, au kansa ya ini kama wengine wanavyoiita, kuwa ugonjwa wa kuogofya. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, watu wapatao 866,000 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na wapatao 758,000 walifariki kwa sababu yake. Kukaribiana kwa hesabu hizo mbili kunaonyesha jinsi wanaopona walivyo wachache. Basi swali linalowakabili wataalamu ni hili: ikiwa ini halisemi kwa maumivu, je, liko jambo jingine linaloweza kueleza mapema kinachotokea ndani yake? Jibu limepatikana kwa kuzichunguza protini, yaani vitu ambavyo seli za ini huvitengeneza, huacha kuvitengeneza, au huvitengeneza kwa namna isiyo sahihi.

Kiwanda na maagizo yake

Mwili umejengwa kwa seli, ambazo ni chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Ndani ya kila seli, isipokuwa chache kama chembe nyekundu za damu, mna maagizo yote ya kuujenga mwili mzima. Maagizo hayo yameandikwa katika uzi mrefu wa kikemikali uitwao DNA, na kila fungu la maagizo ya kutengeneza protini fulani huitwa jeni. Binadamu ana jeni za namna hiyo zipatazo 20,000.

Jambo la kuzingatia ni kwamba seli ya ini, seli ya ngozi na seli ya jicho zina jeni zilezile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinazosomwa. Mfano wake ni kama kitabu kimoja kikubwa cha mafunzo ya ufundi kilichogawiwa kwa mafundi wote wa mji: seremala husoma kurasa za useremala, na mhunzi husoma kurasa za uhunzi, ingawa vitabu vyao havitofautiani hata kwa herufi moja. Seli inapotaka kutumia ukurasa fulani, huutolea nakala ya muda iitwayo RNA, kisha nakala hiyo hufuatwa katika kuunganisha vipande vidogo viitwavyo asidi amino, kimoja baada ya kingine, mpaka protini ikamilike. Kitendo hicho cha jeni kusomwa na protini yake kujengwa ndicho wataalamu wanachokiita udhihirishaji wa protini.

Seli za ini ni mafundi hodari kweli kweli. Ndizo zinazotengeneza albumini, ambayo huzuia maji ya damu yasivuje nje ya mishipa, na protini nyingi zinazoifanya damu igande mtu anapojikata. Kadhalika hutengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali, ambavyo hubadili dawa, pombe na sumu ili ziweze kutolewa mwilini. Ini lenye afya ni lile ambalo protini hizo hutengenezwa kwa kiasi kinachotakiwa na kwa wakati wake. Saratani, ikitazamwa kwa jicho hilo, ni kuvurugika kwa usomaji. Kurasa zilizokwisha fungwa hufunguliwa upya. Nyingine huharibiwa maandishi. Na wakati mwingine hupachikwa ukurasa wa kigeni usiokuwa wa kitabu hicho.

Protini ya utotoni katika damu ya mtu mzima

Mfano wa ukurasa uliofunguliwa upya ulijulikana mapema kuliko mifano mingine. Mtoto anapokuwa tumboni mwa mama, ini lake hutengeneza kwa wingi protini iitwayo alfa-fetoprotini. Katika miezi ya mwanzo ya mimba kiasi chake katika damu ya kijusi hufikia miligramu 3 hivi katika kila mililita. Baada ya mtoto kuzaliwa, jeni ya protini hiyo hufungwa polepole, na jeni jirani yake, ile ya albumini, huendelea na kazi. Mtu mzima mwenye afya hubakiwa na alfa-fetoprotini isiyozidi nanogramu 10 hivi katika mililita moja ya damu, na nanogramu moja ni sehemu moja katika bilioni ya gramu. Kwa maneno mengine, kiwango hushuka mara laki tatu hivi.

Mwaka 1963 mtaalamu wa Kirusi, Garri Abelev, na wenzake katika mji wa Moscow walieleza kwamba panya wazima wenye uvimbe wa saratani ya ini walikuwa na protini hii ya kijusi katika damu yao. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov, naye wa Urusi, aliikuta katika damu ya binadamu mwenye saratani ya ini. Ugunduzi huo ulikuwa wa maana sana. Sasa tone la damu liliweza kudokeza kuwapo kwa uvimbe uliojificha ndani kabisa ya mwili, na tangu hapo kipimo cha alfa-fetoprotini kimeenea katika hospitali duniani kote.

Kwa nini protini ya utotoni irudi kwa mtu mzima? Seli ya saratani hupoteza ukomavu wake hatua kwa hatua. Huacha kazi za utu uzima, kama vile kutengeneza albumini ya kutosha, ikarejea katika hali inayofanana na ya seli changa za kijusi, ambazo shughuli yake kubwa ni kugawanyika na kuongezeka. Alfa-fetoprotini siyo pekee inayorudi kwa njia hiyo. Protini nyingine iitwayo glipikani-3, ambayo huwa nyingi katika ini la kijusi na kutoweka katika ini la mtu mzima, huonekana tena katika vivimbe vingi vya saratani ya ini. Wachunguzi wa tishu huitumia kupambanua kinundu cha saratani na kinundu kisicho na madhara, pale ambapo hadubini peke yake haitoshi.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba kipimo hiki hakikosei. Vivimbe vingine, hasa vinapokuwa bado vidogo, havitoi alfa-fetoprotini ya kutosha kutambulikana. Tena, kiwango huweza kupanda bila ya saratani ya ini, kwa mfano kwa mwanamke mwenye mimba, kwa mgonjwa ambaye ini lake limevimba kwa ajili ya virusi, au kwa mwanamume mwenye aina fulani za uvimbe wa korodani. Ndiyo sababu waganga hawaitegemei damu peke yake. Kwa watu walio katika hatari kubwa, kipimo hiki huambatanishwa na uchunguzi wa ini kwa mawimbi ya sauti, maarufu kama ultrasaundi, kila baada ya miezi sita.

Mlinzi aliyepotoshwa

Mfano wa pili ni wa ukurasa ulioharibiwa maandishi. Miongoni mwa protini za seli iko moja iliyogunduliwa mwaka 1979 na kupewa jina la p53. Ni mnyororo wa asidi amino 393, na kazi yake ni ya ulinzi. DNA inapopata jeraha, p53 husimamisha kugawanyika kwa seli mpaka jeraha litengenezwe. Na ikiwa jeraha ni kubwa mno, huiamuru seli ife yenyewe kabla haijawa hatari kwa mwili mzima. Katika hali ya kawaida p53 huwa chache mno ndani ya seli, kwa kuwa huvunjwavunjwa dakika chache tu baada ya kutengenezwa. Huongezeka pale inapohitajiwa.

Adui mkubwa wa mlinzi huyu hutoka ghalani. Mwaka 1960 maelfu kwa maelfu ya bata mzinga walikufa nchini Uingereza kwa maradhi yasiyojulikana. Uchunguzi ulionyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu wa aina ya Aspergillus flavus. Kutokana na jina la kuvu huyo sumu yake iliitwa aflatoksini, na kwa Kiswahili imekuja kujulikana kwa jina la sumukuvu. Huota katika mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu, hasa katika nchi za joto.

Ajabu ya sumu hii ni kwamba haiwi hatari kamili mpaka ini lenyewe liibadilishe. Vimeng'enya vya ini, vile vile vinavyosaidia kuondoa sumu nyingine, huigeuza sumukuvu kuwa kemikali kali yenye tabia ya kunasa katika DNA. Viko vimeng'enya vingine vya ini vinavyoidhoofisha kemikali hiyo na kuitoa kabla haijadhuru. Kwa hiyo madhara anayopata mtu hutegemea pia uwiano wa protini hizo ndani ya seli zake: zile zinazoinoa sumu na zile zinazoifanya butu. Hii ndiyo sababu mojawapo ya sumukuvu kulipiga ini zaidi kuliko viungo vingine.

Mahali ambapo sumu hii hupenda kuacha alama palijulikana mwaka 1991. Vikundi viwili vya watafiti, kimoja kikichunguza wagonjwa wa Qidong nchini China na kingine wagonjwa wa kusini mwa Afrika, vilitangaza matokeo yanayolingana. Katika vivimbe vingi walivyovichunguza, jeni ya p53 ilikuwa imebadilika mahali pale pale: herufi moja tu, G, imekuwa T. Huko Qidong badiliko la mahali hapo lilikutwa katika vivimbe 8 kati ya 16. Kwa badiliko hilo asidi amino ya 249 katika mnyororo, ambayo ilipasa kuwa ajinini, huwa serini. Katika nchi ambako chakula hakina sumukuvu nyingi, badiliko hili ni nadra. Herufi hiyo moja, basi, ni kama alama ya kidole iliyoachwa na mhalifu.

Kosa la herufi moja katika mnyororo wa vipande 393 laweza kuonekana dogo, lakini p53 iliyoharibika namna hiyo haiwezi kuishika DNA barabara wala kutoa amri zake. Zaidi ya hayo, p53 nzima huamsha protini nyingine ambayo kazi yake ni kuivunja p53 yenyewe ili isizidi kiasi. Ile mbovu haiwezi kuiamsha vya kutosha, kwa hiyo hurundikana ndani ya seli. Mchunguzi anayetia rangi kipande cha uvimbe huona p53 imejaa tele, kumbe ni walinzi waliosimama langoni bila ya uwezo wa kufunga mlango. Funzo lililopo hapa ni kwamba kupima wingi wa protini hakutoshi. Hapana budi kujua pia kama protini hiyo ni timamu.

Ukurasa wa kigeni

Mfano wa tatu huletwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Virusi hivi huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili: kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, baina ya watoto wadogo, kwa kujamiiana, na kwa sindano au nyembe zisizo safi. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara nyingi hubaki navyo maishani bila kujijua.

Uhusiano wa virusi hivi na saratani ulithibitishwa na uchunguzi uliofanywa kisiwani Taiwan chini ya uongozi wa R. Palmer Beasley na kutangazwa mwaka 1981. Wanaume 22,707 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Kati ya vifo 41 vilivyotokana na saratani ya ini, 40 vilikuwa vya watu wenye virusi hivyo katika damu, ijapokuwa watu hao walikuwa wachache katika kundi zima. Hatari yao ilihesabiwa kuwa mara 223 ya ile ya wenzao.

Virusi hufanya uharibifu kwa njia zaidi ya moja. Vipande vya DNA yao hujipachika ndani ya DNA ya seli ya ini na huweza kuamsha jeni zilizo karibu. Pamoja na hayo huilazimisha seli kutengeneza protini ngeni iitwayo HBx, mnyororo mfupi wa asidi amino 154. Protini hii huingilia mitambo ya seli ya kuvunja protini, na mwaka 2016 ilielezwa kwamba kwa njia hiyo huondoa kundi la protini za seli ambalo kwa kawaida huzuia jeni za virusi zisisomwe. Kundi hilo hushiriki pia katika kuitunza DNA ya seli yenyewe. Kwa hiyo virusi, katika kujitafutia nafasi ya kuzaana, hupunguza ulinzi wa nyumba vilimoingia.

Maadui hawa wawili wakikutana, madhara hayajumlishwi tu bali huzidishana. Uchunguzi wa wanaume zaidi ya 18,000 mjini Shanghai, uliotangazwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba mtu mwenye dalili za sumukuvu mwilini bila virusi alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 ya mtu asiye na chochote. Mwenye virusi bila sumukuvu alikuwa na hatari mara 7.3. Lakini mwenye vyote viwili hatari yake ilifika mara 59 hivi. Sababu yake yafahamika. Virusi huua seli na kulilazimisha ini litengeneze mpya kila mara, na kila seli inapogawanyika, jeraha la sumukuvu ambalo halijatengenezwa hupata nafasi ya kuwa kosa la kudumu.

Hatua kwa hatua

Saratani ya ini haizuki kwa siku moja. Kwa kawaida hutanguliwa na miaka mingi ya uvimbe wa ini unaosababishwa na virusi vya B au C, pombe, au mafuta yaliyozidi ndani ya ini. Katika miaka hiyo seli fulani zilizo kandokando ya seli za ini huamshwa zikatoa kolajeni kwa wingi, yaani ile protini ngumu inayofanya makovu. Makovu yakizidi, ini husinyaa, likawa gumu na lenye vinundu.

Ndani ya vinundu hivyo hutokea hatua nyingine. Seli ya kawaida ina kikomo cha idadi ya mara inazoweza kugawanyika, kwa kuwa ncha za DNA yake hupungua kila mara. Kimeng'enya kiitwacho telomerasi huweza kuzirefusha ncha hizo, lakini katika ini la mtu mzima jeni yake imefungwa. Katika vivimbe vingi vya saratani ya ini jeni hiyo hufunguliwa tena, aghalabu kwa badiliko dogo katika sehemu ya DNA inayoongoza usomaji wake. Tangu hapo ule ukomo wa seli huwa umeondolewa. Katika vivimbe vingine protini iitwayo beta-katenini, ambayo kwa kawaida huvunjwa upesi, hubadilika ikawa haivunjiki, ikabaki kuichochea seli igawanyike bila kukoma.

Uvimbe unapokua huhitaji chakula na hewa. Hapo seli zake huongeza utengenezaji wa protini inayoitwa VEGF, ambayo huita mishipa mipya ya damu iote kuuelekea uvimbe. Mwishoni, seli hupunguza protini zinazozigandisha pamoja, huongeza vimeng'enya vya kuyeyusha kuta zinazozizunguka, kisha hupenya kwenye mishipa na kusafiri hadi mapafuni au mifupani. Baadhi ya seli hizo, na hata seli za mwili zilizo jirani nazo, huonyesha juu yake protini iitwayo PD-L1, ambayo huzituliza chembe nyeupe za damu zisizishambulie.

Faida katika tiba

Maarifa haya hayakubaki katika vitabu. Uvimbe ukigunduliwa ungali mdogo, waganga huweza kuukata, kuuchoma kwa sindano maalumu, au kulibadilisha ini zima. Kwa wagonjwa ambao hilo haliwezekani, kwa miaka mingi hapakuwa na dawa yenye nguvu. Mwaka 2007 ilikubaliwa dawa ya sorafenibu, ambayo huzuia protini zinazopokea ujumbe wa VEGF pamoja na nyingine za uchochezi. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2008, nusu ya wagonjwa walioitumia waliishi zaidi ya miezi 10.7, ilhali kwa wale wasioipata kipimo hicho kilikuwa miezi 7.9. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya dawa mbili zilizotumiwa pamoja, moja ikiizuia VEGF na nyingine ikiizuia PD-L1. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 67 ya waliopata dawa hizo walikuwa hai, wakati kwa waliopata sorafenibu walikuwa asilimia 55.

Hayo ni maendeleo ya kweli, lakini ni maendeleo ya miezi. Tena dawa hizo ni za bei kubwa. Faida kubwa zaidi ya kuzijua protini hizi imo katika kuzuia ugonjwa usianze.

Kinga ingali bora kuliko tiba

Chanjo ya homa ya ini aina ya B yenyewe si kitu kingine ila protini. Ni protini ya ganda la nje la virusi, inayotengenezwa kiwandani kwa kutumia hamira iliyotiwa jeni yake. Haina virusi hai na haiwezi kuambukiza. Huufundisha mwili kulitambua ganda hilo ili virusi wenyewe wakija wakute kinga imekwisha jiandaa. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua kutoka watoto 0.70 hadi 0.36 katika kila 100,000. Ilikuwa ni mara ya kwanza duniani kwa chanjo kuonyesha kwamba imepunguza saratani ya binadamu. Katika Tanzania, Kenya na Uganda chanjo hii iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba dozi ya kwanza itolewe katika saa 24 za mwanzo za uhai wa mtoto, kwa kuwa maambukizo ya siku hizo ndiyo yanayodumu zaidi.

Kuhusu sumukuvu, Afrika Mashariki ina historia yake. Mwaka 1973 F. G. Peers na C. A. Linsell walitangaza uchunguzi uliofanywa wilayani Murang'a, nchini Kenya. Walipima chakula cha watu wa maeneo ya miinuko mbalimbali, wakaona kwamba kadiri sumukuvu ilivyozidi katika chakula ndivyo saratani ya ini ilivyozidi. Mwaka 2004 mahindi yenye kuvu yalisababisha sumu kali mashariki mwa Kenya. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yalitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, na watu 20 walipoteza maisha. Vifo hivyo vilionekana kwa kuwa sumu iliingia kwa wingi kwa mara moja. Ile inayoingia kidogo kidogo kwa miaka haionekani, lakini ndiyo inayoandika herufi isiyo sahihi katika jeni ya p53.

Njia za kujilinda zinajulikana na nyingi zake hazihitaji gharama kubwa. Mahindi na karanga havifai kuanikwa juu ya udongo mtupu. Vianikwe juu ya turubai, mkeka au kichanja mpaka vikauke sawasawa. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi zichambuliwe na kutupwa, wala zisipewe kuku au ng'ombe, kwa sababu sumu huweza kurudi kwa mlaji katika maziwa. Kukoboa mahindi kabla ya kuyasaga hupunguza sumu, kwa kuwa nyingi hukaa katika ganda na kiini. Kuchemsha hakuiondoi, maana sumu hii huvumilia moto wa jikoni. Ghala nalo linapasa kuwa kavu, lenye kupitisha hewa na lililoinuliwa kutoka ardhini.

Mtu ambaye hajawahi kupima homa ya ini aina ya B anaweza kupimwa hospitalini kwa damu kidogo tu. Akikutwa nayo, ziko dawa za kuvizuia virusi visizaane, nazo hupunguza hatari ya saratani. Kadhalika atawekwa katika orodha ya wale wanaochunguzwa kila baada ya miezi sita. Kwa njia hiyo alfa-fetoprotini ikianza kurudi katika damu yake, au kinundu kikianza kuonekana, huwa ungali upo wakati wa kufanya jambo. Ini halitapiga kelele. Ni juu ya watu wenyewe, wakulima, wazazi, wauguzi na waganga, kulichunguza kabla halijaelemewa.